Ufidhuli Usio na Tusi: Kauli za Kuudhi za Kiingereza katika Emma, Pygmalion na "Master Harold"... and the Boys

Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi. Maana yake ni wazi: mwenye hasira hapimi maneno, na anayetukanwa asitarajie kuhurumiwa. Hata hivyo, methali hii haitoshi kuwa mwongozo kwa msomaji wa fasihi ya Kiingereza. Katika sehemu kubwa ya fasihi hiyo, na katika mazungumzo ya kila siku yanayoakisiwa humo, anayetukana huchagua tusi lake kwa makini, na mara nyingi huchagua neno ambalo si tusi hata kidogo. Huomba radhi, husifu, humtaja mwenzake kwa heshima, na kwa njia hiyo hiyo humdhalilisha.

Jambo hili huzua tatizo la kiuhakiki ambalo halijapewa uzito unaostahili katika idara za fasihi na za tafsiri nchini Kenya. Mwanafunzi wa Kikenya hukutana na Kiingereza tangu madarasa ya chini. Anajua msamiati wake na sarufi yake, na huweza kukifafanua kifungu chochote kwa ufasaha. Lakini ujuzi huo haumhakikishii kwamba ataitambua kauli ya kuudhi iliyovishwa joho la adabu. Jenny Thomas, katika makala yake ya mwaka 1983 kuhusu kushindwa kuelewana baina ya tamaduni, alionyesha kwamba kosa la sarufi husamehewa kwa urahisi kwa sababu huonekana kuwa kosa, ilhali kosa la kutoelewa nia ya kauli huchukuliwa kuwa kasoro ya tabia ya mtu. Katika usomaji wa fasihi hali huwa mbaya zaidi. Msomaji asiyetambua ufidhuli wa kauli haoni kwamba amekosa kitu, na huenda akaendelea kusoma mpaka ukurasa wa mwisho bila kujua ni tukio gani lililoibadilisha hadithi.

Makala hii inachunguza kazi tatu ambamo kauli ya kuudhi ndiyo kiini cha tukio kuu: riwaya ya Jane Austen, Emma, iliyotoka Desemba 1815, tamthilia ya George Bernard Shaw, Pygmalion, iliyooneshwa London mwaka 1914, na tamthilia ya Athol Fugard, "Master Harold"... and the Boys, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Dai la makala ni kwamba uzito wa ufidhuli katika kazi hizi hautokani na neno lililotumiwa, bali hutokana na uwezo au kutoweza kwa anayeambiwa kujibu. Inadaiwa vilevile kwamba msomaji aliyelelewa katika fasihi ya Kiswahili anazo tayari zana za kuupima uzito huo, endapo atafunzwa kuzitumia.

Tusi, utovu wa adabu na ufidhuli

Yafaa kwanza kutenga mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa. Tusi ni neno ambalo jamii imelitenga kuwa chafu au la kudhalilisha. Neno la aina hii huweza kuorodheshwa, na wanakamusi wa Kiingereza wamefanya hivyo kwa muda mrefu. Francis Grose alichapisha kamusi nzima ya maneno ya mitaani na ya kihuni mwaka 1785, miaka thelathini baada ya kamusi maarufu ya Samuel Johnson ya mwaka 1755. Utovu wa adabu ni kuvunja desturi, hata bila kukusudia, kama afanyavyo mgeni aingiaye nyumba ya watu bila kubisha hodi. Ufidhuli, kwa matumizi ya makala hii, ni kauli inayomshusha mtu hadhi huku msemaji akijua, au akiwa katika nafasi ya kujua, kwamba inamshusha. Ufidhuli waweza kuwa na tusi ndani yake, na waweza usiwe nalo.

Mifano ya kila siku itasaidia. Katika mahakama zinazotumia Kiingereza, wakili anapoanza kauli yake kwa "with respect" wasikilizaji hujua kwamba anakaribia kupinga. Akisema "with great respect" upinzani umeongezeka, na akifika "with the greatest respect" huwa amekwisha kuihukumu hoja ya mwenzake kuwa ya kipuuzi. Heshima inayotajwa na heshima inayotolewa huenda pande mbili zinazopingana. Kadhalika "my good man", ambayo neno kwa neno ni "mtu wangu mwema", haikuwa sifa kwa dereva au mchukuzi aliyeambiwa hivyo. Ilimkumbusha kwamba anayesema yuko juu yake kiasi cha kuweza kumtunuku wema. "I beg your pardon" ikitamkwa kwa kiimbo cha kupanda ni ombi la kurudiwa neno. Ikitamkwa kwa mkazo na uso uliokunjwa ni karipio. Katika mifano yote hii kamusi haisaidii, kwa sababu hakuna neno hata moja lililokosewa.

Nadharia za pragmatiki zimeeleza utaratibu wa kauli hizi kwa viwango mbalimbali. H. P. Grice, katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1975, alionyesha jinsi msikilizaji anavyofikia maana iliyodokezwa pale msemaji anapokiuka kwa makusudi kanuni za mazungumzo. Geoffrey Leech (1983) alifafanua kinaya kuwa ni njia ya kuudhi bila kuvunja adabu waziwazi. Jonathan Culpeper, mwaka 1996, aliitaja adabu ya kuigiza kuwa mojawapo ya mbinu tano za ufidhuli, nyingine ikiwa kumnyima mtu adabu inayotarajiwa. Mbinu hizi mbili zitakuwa na umuhimu mkubwa katika uchambuzi unaofuata.

Lakini nadharia iliyotawala uwanja huu ni ile ya Penelope Brown na Stephen Levinson, iliyotolewa mwaka 1978 na kuchapishwa upya kama kitabu mwaka 1987. Wataalamu hawa waliichukua dhana ya uso kutoka kwa Erving Goffman, na kwa msomaji wa Kiswahili dhana hiyo si ngeni, kwa kuwa wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Kwa mujibu wao, kila tendo linaloweza kumvunjia mtu uso huwa na uzito, na uzito huo ni jumla ya mambo matatu: umbali wa kijamii baina ya wahusika, mamlaka ya anayeambiwa juu ya anayesema, na ukubwa wa tendo lenyewe katika utamaduni husika. Kadiri uzito unavyokuwa mkubwa ndivyo msemaji anavyohitaji kutumia adabu zaidi.

Ukokotozi huu unaeleza vizuri jinsi watu wanavyosema. Hauelezi jinsi wanavyopaswa kusema, na hapo ndipo fasihi inapouuliza maswali. Ikiwa anayeambiwa hana mamlaka yoyote juu ya msemaji, basi kwa hesabu ya Brown na Levinson uzito hupungua, na adabu inayohitajika hupungua pia. Maskini, mtumishi na msichana muuza maua huhitaji adabu haba. Kazi tatu zinazochunguzwa hapa zinaigeuza hesabu hiyo chini juu.

Box Hill: heshima ya kuigiza

Tukio la Box Hill, kilima cha matembezi katika jimbo la Surrey, limo katika sehemu ya tatu ya Emma. Kundi la marafiki limetoka kupunga hewa na mazungumzo yamedorora. Frank Churchill, kwa kujifanya anatekeleza amri ya Emma, anamtaka kila mmoja aseme jambo moja la werevu mkubwa, au mawili ya werevu wa wastani, au matatu ya kuchosha. Miss Bates, mwanamke asiyeolewa, wa makamo, maskini na mwingi wa maneno, anacheka na kusema kwamba yeye hatapata shida na hayo matatu ya kuchosha. Emma anamjibu kwa unyenyekevu wa kuigiza kwamba huenda shida ikawepo, nayo ni ile idadi: kwamba hataruhusiwa kuzidisha matatu kwa wakati mmoja.

Hakuna tusi katika jibu hilo. Kuna utaratibu wote wa adabu ya Kiingereza: kuomba radhi, kumtaja mwenzake kwa heshima, kuonekana kumhurumia kwa ugumu utakaompata. Msimulizi anaeleza kwamba Miss Bates mwenyewe alihadaiwa na mwenendo huo wa heshima bandia asiielewe kauli papo hapo, na alipoielewa hakukasirika, ila wekundu mdogo wa uso ulionyesha kwamba imemuumiza. Mpangilio huu ni muhimu kwa mhakiki. Austen anaweka pengo baina ya kusikia na kuelewa, na ndani ya pengo hilo msomaji hujikuta akielewa kabla ya mwathiriwa. Msomaji aliyecheka hugundua, sentensi moja baadaye, amecheka pamoja na nani na dhidi ya nani.

Karipio la Mr. Knightley mwishoni mwa matembezi ndilo linalotoa kipimo. Emma anajitetea kwa hoja mbili: kwamba pengine Miss Bates hakuelewa, na kwamba yule mama kweli ana mambo ya kuchekesha. Knightley anaikataa hoja ya kwanza kwa kusema kwamba Miss Bates alielewa barabara, na tangu hapo amelizungumza jambo hilo kwa moyo mweupe. Hoja ya pili anaikubali kwa sharti. Lau Miss Bates angekuwa tajiri, au angekuwa sawa na Emma kwa hali, Knightley angeuacha mzaha upite. Lakini ni maskini, ameporomoka kutoka katika raha alizozaliwa nazo, na huenda akaporomoka zaidi. Isitoshe, ameambiwa maneno hayo mbele ya mpwa wake na mbele ya watu watakaofuata mfano wa Emma katika kumtendea.

Hapa ndipo riwaya inapopingana na ukokotozi wa Brown na Levinson. Kwa hesabu yao, Miss Bates hana mamlaka yoyote juu ya Emma, kwa hiyo mzaha ni mwepesi. Kwa hesabu ya Knightley, ni mzito kwa sababu hiyo hiyo. Miss Bates hawezi kujibu. Akijibu kwa ukali atapoteza mialiko, nyama ya nguruwe inayoletwa kutoka Hartfield, na nafasi yake finyu katika jamii ya Highbury. Jibu pekee analoweza kulitoa ni kujilaumu mwenyewe, na ndilo analolitoa.

Riwaya hiyo hiyo inaonyesha upande wa pili kupitia Mrs. Elton, ambaye anamtaja Mr. Knightley kwa jina la ukoo tupu, bila "Mr." mbele yake, baada ya kumjua kwa muda mfupi. Emma anawaka hasira kwa kukosekana silabi mbili. Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani hasira hii ni ya kipuuzi mpaka akumbuke historia ya viwakilishi vya Kiingereza. Wakati wa Shakespeare lugha hiyo ilikuwa bado na "thou" kando ya "you", na katika Twelfth Night Sir Toby anamshauri mwenzake amtolee hasimu wake "thou" kadhaa kama njia ya kumtukana. Kiwakilishi hicho kilipotoweka katika mazungumzo ya kawaida, mzigo wa kuonyesha heshima na dharau uliangukia vyeo na majina. Ndiyo maana "Mr." iliyoachwa inaweza kuwa kofi. Hata hivyo, kofi hilo halimjeruhi Knightley. Yeye ni mwenye ardhi, na anaweza kulipuuza. Austen anauacha ufidhuli wa Mrs. Elton uwe kichekesho, na anaufanya ule wa Emma kuwa kosa la kimaadili. Tofauti baina yao haimo katika maneno.

Wimpole Street: heshima iliyonyimwa

Pygmalion inajulikana sana kwa neno moja. Ilipooneshwa London tarehe 11 Aprili 1914, Eliza Doolittle alipotamka "bloody" katika tendo la tatu, ukumbi ulicheka na magazeti yakapata la kusema. Tangu hapo neno hilo limechukuliwa kuwa mfano wa ufidhuli katika tamthilia hiyo. Usomaji huo umepotoka. Eliza halitumii neno hilo kumshusha mtu yeyote. Anajibu swali la kirafiki kwa msamiati wa mtaani kwake na kwa matamshi ya kiungwana aliyofunzwa. Ni tusi lisilo na ufidhuli, na kicheko chake kinatokana na mgongano wa rejista mbili.

Ufidhuli wa tamthilia hii uko kwa Henry Higgins, profesa wa fonetiki, mwenye Kiingereza kisicho na doa. Katika tendo la pili anamzungumzia Eliza mbele yake kana kwamba hayupo, anaagiza nguo zake zichomwe, na rafiki yake Pickering anapouliza iwapo haoni kwamba msichana ana hisia, anajibu kwa uchangamfu kwamba haoni. Mtunza nyumba wake, Mrs. Pearce, ndiye anayemkumbusha kwamba yeye mwenyewe hutumia lile neno ambalo msichana atakuja kushangaza watu nalo, naye anakana kabisa kuwa na tabia ya kuapiza. Shaw ameweka kinaya hapa kwa makusudi: mtaalamu anayeweza kutambua mtaa wa mtu kwa irabu zake hasikii anachokisema yeye mwenyewe.

Katika tendo la tano hoja inasemwa waziwazi. Eliza anamwambia Pickering kwamba elimu yake ilianza siku ile alipomwita Miss Doolittle alipofika Wimpole Street kwa mara ya kwanza. Si mazoezi ya matamshi yaliyomfanya bibi, bali kile cheo kidogo cha "Miss" kilichotolewa bila kudaiwa. Higgins anajitetea kwamba hana upendeleo, kwamba humtendea bibi wa daraja la juu (duchess) vile vile amtendeavyo muuza maua. Utetezi huu umewavutia baadhi ya wahakiki, wanaouona kuwa aina ya usawa. Lakini usawa wake ni wa hesabu tu. Bibi wa daraja la juu akitendewa ufidhuli anaweza kuondoka, kumfungia mlango Higgins, na kumharibia jina mjini. Muuza maua hana pa kwenda. Kauli ile ile, kwa sauti ile ile, haiwi na uzito ule ule kwa wote wawili. Eliza anaanza kuwa sawa na Higgins pale tu anapotishia kufundisha fonetiki kwa kujitegemea, yaani anapopata uwezo wa kujibu. Na ni hapo hapo Higgins anapoanza, kwa mara ya kwanza, kumsikiliza.

Port Elizabeth: heshima iliyodaiwa

Tamthilia ya Fugard inarudisha suala hili barani Afrika. Mandhari yake ni mkahawa wa chai mjini Port Elizabeth, Afrika Kusini, alasiri ya mvua mwaka 1950. Wahusika ni watatu: Hally, kijana wa Kizungu wa miaka kumi na saba ambaye wazazi wake ndio wenye mkahawa, na Sam na Willie, wanaume Waafrika wa makamo wanaofanya kazi hapo. Sam amekuwa mlezi wa Hally kwa miaka mingi. Alimtengenezea tiara na kumfunza kuirusha wakati baba yake mlevi hakuwa na la kumfunza.

Neno "boys" katika anwani ya tamthilia si tusi katika kamusi yoyote. Ni wavulana. Lakini katika Kiingereza cha kikoloni neno hilo lilitumiwa kumwita mtu mzima mwenye mke na watoto, na Afrika Mashariki inaufahamu utumizi huo kwa undani kiasi kwamba neno lenyewe liliingia katika Kiswahili. Boi akawa mtumishi wa nyumbani, awe na mvi au asiwe nazo. Riwaya ya Ferdinand Oyono, Une vie de boy ya mwaka 1956, ilipotafsiriwa kwa Kiswahili iliitwa Boi, na hakuna msomaji aliyehitaji kuelezwa. Neno hilo lilikwisha kukopwa pamoja na dharau yake.

Mgogoro wa tamthilia unafikia kilele pale Hally, akiwa na uchungu kwa sababu baba yake anarudi nyumbani kutoka hospitali, anapomgeukia Sam na kumtaka amwite "Master Harold", kama vile Willie amwitavyo "Master Hally". Kwa juu juu ni ombi la adabu. Sam anamwonya kwamba akilazimishwa kulisema hilo mara moja, hatamwita vingine tena. Onyo hilo linaonyesha uelewa wa kina wa lugha ya heshima: heshima iliyodaiwa kwa nguvu huua ile iliyotolewa kwa hiari. Yanayofuata, mzaha wa kibaguzi na mate usoni, ni ya kutisha zaidi kwa macho. Lakini kwa mujibu wa mantiki ya tamthilia uvunjifu umekwisha kutokea katika jina.

Willie ndiye anayetoa kauli yenye uzito mkubwa kuliko zote. Anapoona Sam amekaribia kumpiga Hally, anamsihi amwache, kwa kuwa ni mtoto mdogo tu, mtoto wa Kizungu, ijapokuwa sasa amevaa suruali ndefu. Neno lililowadhalilisha watu wazima wawili kwa miaka yote linarudi katika maana yake ya asili, na linamkaa Hally sawasawa. Willie hakusudii tusi wala hashangilii ushindi. Ametumia neno kwa usahihi, na usahihi huo unatosha kuibomoa anwani ya heshima iliyokuwa imedaiwa dakika chache kabla.

Sam ana uwezo wa kimwili wa kujibu, lakini katika Afrika Kusini ya 1950 sheria na riziki vimemfunga. Anachagua kutojibu kwa kofi, na kabla ya pazia kushuka anamwita kijana kwa jina la zamani na kumpa nafasi ya kuanza upya. Hally hawezi kuipokea. Kwa hiyo katika kazi hii ya tatu uwezo wa kujibu umegeuka: mwenye mamlaka ndiye aliyekosa la kusema.

Kijembe na mipaka yake

Msomaji wa Kiswahili haji mikono mitupu kwenye maandiko haya. Utamaduni wa pwani una msamiati mpana wa kuudhi bila kutukana: fumbo, kijembe, mpasho, jina la kanga lililochaguliwa ili jirani alisome. Wahenga waliweka kanuni kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kinachotofautisha kijembe na kauli ya Emma si ukali wake, bali ni mazingira ya kujibizana. Kanga hujibiwa kwa kanga. Mashairi ya Muyaka bin Haji (1776–1840) katika ugomvi wa Mombasa na Lamu yalitungwa kwa kujua kwamba upande wa pili unao washairi wake. Hali kadhalika shikamoo humlazimu mkubwa kuitikia marahaba. Mkubwa akinyamaza, yeye ndiye aliyekosa adabu, hata kama ana cheo. Ni desturi ambayo ndani yake uzito wa wajibu haumwangukii mnyonge peke yake.

Hili lisichukuliwe kuwa sifa tupu. Kiswahili nacho kimetumiwa kuwashusha wasioweza kujibu. Neno mshenzi lina historia ndefu ya kuwatenga watu wa bara na watu wa mwambao, na masetla waliligeuza karipio la kila siku katika Kiswahili chao chenye amri nyingi na tafadhali chache. Hoja ni kwamba msomaji anayejua tofauti baina ya kijembe cha mtu na mwenziwe na dharau ya bwana kwa boi anaweza kuipeleka tofauti hiyo Box Hill na Wimpole Street, akaona kile ambacho fasili ya msamiati haiwezi kumwonyesha.

Kwa mtafsiri, matokeo yake ni ya kiutendaji. Jibu la Emma likitafsiriwa kwa neno la wazi kama mpayukaji au domokaya, Miss Bates atalielewa mara moja, na pengo baina ya kusikia na kuelewa litakuwa limezibwa. Tafsiri yahitaji kuanza kwa kuwiana radhi na kuuchelewesha uchungu mpaka mwisho. Sarufi ya Kiswahili inaruhusu hilo vizuri, kwa kuwa idadi hufuata jina na huweza kuachwa ining'inie mwishoni mwa sentensi. "Miss Doolittle" ni gumu zaidi. "Bi. Doolittle" laweza kufaa, mradi Higgins asiruhusiwe kulitumia mahali ambapo Shaw amemnyima. Ama "Master Harold", "bwana" pekee halitoshi, kwa sababu Kiswahili humwita bwana kila mwanamume kwa wema. "Bwana mdogo", lililotumika katika nyumba za wakoloni, linabeba umri na mamlaka kwa pamoja, na ndio mkanganyiko ambao Willie anaufumbua.

Hitimisho

Kazi tatu zilizochunguzwa zimetenganishwa na zaidi ya karne moja na nusu na na bahari mbili, lakini zinakubaliana katika kipimo chao. Emma anaigiza heshima, Higgins anainyima, Hally anaidai; na katika kila hali anayeambiwa ni mtu ambaye jibu lake lingemgharimu riziki au makazi. Nadharia ya adabu iliyojengwa juu ya hesabu ya mamlaka inaeleza kwa nini wasemaji hawa walijiona huru kusema walivyosema. Haiwezi kueleza kwa nini Emma alilia njia nzima akirudi nyumbani. Ili kulieleza hilo, mhakiki hana budi kuuliza swali ambalo kamusi haliulizi: aliyeambiwa maneno haya angeweza kujibu nini, na kwa gharama gani? Mwanafunzi atakayezoea kuuliza hivyo atazielewa kauli za kuudhi za Kiingereza hata pale ambapo kila neno lake ni jema. Na huenda akaanza kuzisikia upya zile za Kiswahili, zikiwemo anazozitamka mwenyewe kwa watu wasiokuwa na la kumjibu.